Nzuri, Sifuri, Ndiyo

Ezekia Mwakyoma hakuwa mtoto mbaya. Nalisema hili mapema, kwa sababu huko mbele mtatamani kumchapa. Alikuwa na miaka thelathini na sita, amepanga chumba na sebule pale Kihesa, Iringa, na kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Hanywi, hagombani na mtu, kanisani anakwenda akikumbuka. Ila salamu zilimshinda. Hakuwa na subira nazo hata kidogo.

Mama mwenye nyumba wake, Mama Bertha, alikuwa Mhehe wa Kalenga, na mama yule akishakuambia "kamwene" ujue robo saa imekwenda. Atauliza umelalaje, umeamkaje, kazini wazima, kwenu Mbeya wazima, baba mzima, viazi vimetoka. Halafu anaanza upya. Ezekia aligundua kwamba akitokea mlango wa uani, akapita nyuma ya banda la kuku, anafika barabarani bila kusalimiwa na kiumbe. Miaka mitatu alipita huko kwa kuku. Jioni anarudi na chipsi zake kwenye mfuko wa karatasi, anakula peke yake mbele ya skrini, na hakuna anayemgongea mlango, kwa sababu mtu asiyesalimia watu hagongewi. Msidhani upweke haukumuuma. Jumapili asubuhi alikuwa anawasha redio ya mahubiri, si kwa ajili ya mahubiri, bali apate mtu wa kuongea mle ndani.

Baba yake, Mzee Aroni, naye alikuwa peke yake, juu kule Uyole, kwenye mteremko unaoitazama barabara kuu, nyumba ya matofali ya kuchoma na shamba la viazi nyuma yake. Mkewe, Damari, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Binti yake, Tumpe, aliolewa Chimala, ana watoto wanne na biashara ya mchele sokoni, kwa hiyo kumwona Uyole ilikuwa Krismasi na misiba. Kazi aliyobaki nayo mzee ilikuwa kupima mvua. Uani kwake kulisimama kipimo cha mradi mmoja wa kilimo, bomba la bati lenye chupa ya kioo ndani, na chupa ina mistari. Kila siku saa tatu asubuhi anakwenda, anaitoa chupa, anasoma, anaandika. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kuruka siku. Siku ya kumzika Damari aliwaacha waombolezaji wamekaa, akaenda kusoma chupa yake. Milimita sita. Watu walinong'ona, na mimi sioni walichokuwa wananong'ona. Mtu akifiwa hushika kilichobaki.

Wakati mama yupo hai, simu zilikuwa zake. Ezekia anapiga, mama anaongea, baba anasikika kwa mbali akikohoa, mwisho mama anasema, "Baba yako anakusalimia." Mama alipoondoka, simu ikabaki kwa wanaume wawili.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za hapo?"

"Nzuri."

"Haya. Basi nitakupigia."

Sekunde ishirini. Ezekia alikuwa anaitazama ile simu baada ya kukata, anajisikia kama mtu aliyekwenda dukani akasahau alichotumwa. Lakini si ameuliza? Ameuliza. Na si amejibiwa nzuri?

Hapa inabidi niseme jambo ambalo Ezekia alilijua tangu utotoni, shule ikamsahaulisha. Sisi watu wa huku hatuanzi na ubaya. Ukimkuta mtu nyumba yake inaungua, ukamwuliza habari za asubuhi, atakujibu nzuri. Kisha atakuambia, "Ila nyumba inaungua." Nzuri ni heshima ya kukukaribisha, habari yenyewe inakuja nyuma yake, kwa ile "ila", na kwa mzee kama Aroni ilikuwa haiji haraka. Damari alilijua hilo vizuri sana. Alikuwa anamwuliza mumewe habari za shambani, anajibiwa nzuri, naye anaendelea kumenya viazi wala hamtazami. Kiazi cha tatu, cha nne, mzee anakohoa: "Ila yule ng'ombe hajasimama tangu asubuhi." Ndoa ya miaka arobaini ilikwenda hivyo.

Sasa mwishoni mwa mwaka jana mradi ukachoka na madaftari. Wakataka vipimo viingie kwenye kompyuta siku hiyohiyo, na ofisi ya Ezekia ndiyo iliyopewa kazi ya kuandika programu. Mzee Aroni akachaguliwa awe wa kwanza kuijaribu. Ezekia akapanda Uyole siku za Mwaka Mpya na laptopu chakavu na modemu, akakaa siku mbili kumfundisha baba yake. Kipanya kilimshinda mzee kabisa. Kile kishale kilikimbia kwenye skrini, naye alikuwa anakifuata kwa kichwa chote. Basi Ezekia akaandika kwa mtindo wa zamani. Dirisha jeusi. Maandishi meupe, makubwa. Swali moja linatokea, kistari kinapepesa pembeni yake, kinangoja. Unaandika jibu, unabonyeza Enta, linakuja swali jingine. Mzee aliupenda mtindo huo. Alisema mashine hii ina adabu, inauliza halafu inanyamaza.

Mradi ulitaka maswali mawili tu: mvua ya jana ni milimita ngapi, na je, tutume, ndiyo au hapana. Ezekia akaongeza la kwake mwanzoni, kwa ajili ya baba yake peke yake: *Habari za nyumbani?* Jibu la swali hilo haliendi mradi, linakuja kwake Iringa. Alipoliandika alijisikia amefanya jambo la upendo, na siwezi kusema hakulifanya. Lakini tangu siku ile hakupiga tena simu. Ya nini, na wakati kila asubuhi, saa tatu na dakika chache, kwenye skrini yake pale ofisini kunatokea neno lenyewe: *nzuri*. Analitazama, anamalizia chai yake. Tumpe akimpigia kutoka Chimala kumwuliza kama amewasiliana na mzee, anajibu, "Kila siku, dada. Kila siku ya Mungu."

Watu wa kazi hii wana kanuni moja wanafundishana tangu darasani: usimwamini mtumiaji. Ukimwuliza mtu namba, atakuandikia barua. Ukimwuliza mwaka, atakuandikia jina la shangazi yake. Kwa hiyo kila swali linawekewa mlinzi. Swali la kwanza Ezekia aliliachia neno moja tu: mzee akigusa Enta, limefungwa, na atakachoandika baada ya hapo kinahesabiwa jibu la mvua. Swali la mvua likawekewa mlinzi mkali. Jibu lisipokuwa namba, mashine inasema: *Jibu halikubaliki. Andika namba tu.* Kisha inauliza tena, na tena, hata mara mia, mpaka ipate namba. Na yale majibu yaliyokataliwa, Ezekia, kwa kuwa ni fundi mzuri, hakuyatupa. Aliiambia programu iyaweke kwenye faili, pamoja na tarehe, nayo itume faili hilo Iringa kila asubuhi, ili siku moja ayapitie aone watumiaji wanakosea wapi. Faili akaliita Makosa. Halafu akapata kazi nyingine, akalisahau.

Februari ikapita, Machi, Aprili yenye mvua zake. Nzuri. Nzuri. Juni mvua zikakatika, kipimo kikabaki na vumbi, na mzee aliendelea kutuma sifuri yake kila siku bila kuchoka. Hadi Septemba, Ijumaa moja mchana, Happy akapiga simu. Huyu ni dada wa mradi anayepokea vipimo, ofisi yake ipo hapohapo Iringa mjini.

"Kaka Ezekia, mzee wako ana mvua ambayo sisi wengine hatuna," alisema. "Jumanne milimita kumi. Jana kumi tena. Uyole nzima kavu, Igawilo kavu, Inyala kavu. Yeye peke yake amenyeshewa."

"Labda kompyuta."

"Labda. Au amechoka. Hapa wanasema tumpumzishe, tumtoe kwenye orodha kwa heshima. Mimi nimewaambia wangoje nikuulize kwanza."

Ezekia akasema ataangalia. Kilichomkera ni kwamba programu yake inasingiziwa. Akatafuta wapi kuna kumbukumbu za kilichochapwa, na ndipo alipokumbuka lile faili. Makosa. Alidhani atakuta mistari mitano, sita. Ilikuwa mia nne na kumi na tatu.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa tarehe tano Januari, siku mbili tu baada ya yeye kuondoka Uyole. Mashine imeuliza habari, mzee amejibu nzuri, amegusa Enta. Kisha ameandika, kwa herufi ndogo, bila nukta:

*ila umesahau sweta lako*

*Jibu halikubaliki. Andika namba tu.*

*lipo kwenye kiti cha mama yako*

*Jibu halikubaliki. Andika namba tu.*

*14*

Ezekia alicheka. Ndiyo, alicheka kwanza, na akamwita hata mwenzake wa meza ya pili aje aone. Halafu akasoma mstari uliofuata na uliofuata, na yule mwenzake akaona uso wake, akarudi mezani kwake polepole.

*ila mbwa amekufa yule komredi. nimemzika chini ya mparachichi*

*ila kalvati la kwa jirani danieli limezolewa na maji*

*nimepika ugali mwingi kwa mazoea umebaki*

*namba nitakupa subiri kwanza nakuambia habari*

*wewe mashine umeniuliza habari nakujibu habari unasema namba sasa uliuliza ya nini*

Tarehe kumi na moja Machi: *ila jicho la kushoto lina moshi.* Tarehe kumi na mbili: *moshi upo bado.* Tarehe ishirini na nane: *taa naiona ina duara kama upinde wa mvua ni nini hiki ezekia.* Hapo ndipo jina lake lilipoanza kutokea. Kabla ya hapo mzee alikuwa anaongea na mashine. Kuanzia hapo alikuwa anaongea na mwanawe, akiamini yupo upande wa pili anasoma, na kwamba ana sababu zake za kutojibu.

*ezekia nimegonga mlango kwa bega la kushoto sikuuona*

*danieli anasema ni uzee mimi nasema si uzee unaonaje*

*jicho la kushoto limefunga. bado la kulia*

*la kulia naona kama natazama ndani ya bomba*

*kama una kazi nyingi sema tu*

*ezekia unasoma haya*

Huo wa mwisho ulikuwa wa tarehe mbili Julai. Chini yake: *Jibu halikubaliki. Andika namba tu.* Chini yake: *0*.

Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Julai iliyobaki hakuna kosa hata moja. Agosti hakuna. Mzee alikuwa ameelewa kinachotakiwa: nzuri, Enta, sifuri, Enta, ndiyo, Enta. Kila asubuhi, safi kabisa. Na zile kumi za wiki hii zilikuwa sifuri tu, ila kidole kisichoona kilikuwa kimeanza kugusa njiani na moja, iliyo juu ya sifuri kwenye vitufe vya namba vya pembeni.

Sasa nisikilizeni alichofanya. Mtu na akili zake timamu, amesoma, baba yake anapofuka, alifungua programu yake akaanza kuandika swali jipya. *Macho yanaendeleaje?* Aliliwekea na kistari chake, kinapepesa. Alikuwa amefika kwenye kuchagua kama jibu liwe na herufi mia mbili au mia tano, ndipo alipoacha kuandika. Aliona ujinga wa kile alichokuwa anakiandika. Akafuta herufi moja moja mpaka dirisha likabaki jeusi, akatoka nje, akasimama kwenye upepo wa Iringa akilia mbele ya watu wa ofisi ya jirani.

Alipiga simu kwa baba yake. Haipatikani. Akampigia Tumpe.

"Mbona mimi nimeongea naye Jumapili ile ya mwezi uliopita," Tumpe alisema. "Nikamwuliza hali, akasema nzuri. Hakusema macho wala nini. Wazee wetu hawa ni wasiri, kaka. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Hakuficha," Ezekia alisema.

"Umejuaje?"

Akamwambia atampigia.

Alfajiri ya Jumamosi alitoka kwa mlango wa mbele. Mama Bertha alikuwa anafagia. Kamwene. Ezekia alisimama, akajibu yote, amelala, ameamka, kazini wazima, mpaka wakafika kwa baba. "Baba mzima?" Mdomo wake ukasema mzima, halafu akabaki amesimama pale na begi begani. Mama Bertha aliendelea kufagia palepale palipokwisha kufagiliwa. "Ila haoni," Ezekia alisema. Mama aliacha ufagio, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa mahindi ya kuchemsha ya njiani. Miaka mitatu alikuwa anakwepwa kwa njia ya kuku, na leo alitoa mahindi kama kwa mwanawe. Aibu aliyopanda nayo basi Ezekia ingejaza basi zima.

Alifika Uyole saa nane mchana. Akaiacha barabara na malori yake yanayongojea zamu ya mizani, akapanda njia ya shambani kwa miguu. Mzee alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, karibu na kipimo chake cha mvua, amevaa lile sweta la mwanawe lililosahauliwa Januari. Alikuwa na chupa ya kioo mkononi, ameingiza kidole ndani, anakizungusha taratibu kuhakikisha ni kavu. Kumbe ndivyo zile sifuri zilivyokuwa zinapimwa. Ezekia alikuwa hatua kumi mbele yake, mchana kweupe.

"Nani huyo?" mzee aliuliza.

"Mugonile, tata. Ni mimi," Ezekia alisalimia kwa lugha ya nyumbani.

Mzee aligeuza kichwa upande wa sauti, akatabasamu, na tabasamu likapita kidogo pembeni ya mwanawe. "Ezekia. Ugonile, mwanangu. Huku umekuja na mvua?"

"Hapana, kavu tu."

"Haya. Karibu, kaa."

Ezekia alikaa chini, kwenye udongo, mgongo ukutani. Alikuwa na mambo mengi ya kusema, ameyapanga tangu Makambako. Hospitali, msamaha, faili. Yote akayaacha. Akauliza lile moja.

"Habari za hapa nyumbani?"

"Nzuri," alisema mzee. Akangoja kidogo. Kisha, kwa sauti ileile, kama mtu anayemsaidia mwenzake asipoteze muda: "Sifuri. Ndiyo."

Ezekia alifunga macho. Baba yake alikuwa amemaliza. Alikuwa amempa mwanawe majibu yote matatu anayoyataka, kwa mpangilio wake, na sasa ametulia anangoja aambiwe haya, kwaheri.

"Sijauliza mvua, tata," alisema alipoweza.

"Utaiuliza."

"Siiulizi."

Huko chini lori lilikuwa linapanda kilima, linabadilisha gia, linakwama, linabadilisha tena. Kuna mahali mtu mwenye haraka angesema "haya", na neno hilo lilimfika Ezekia kooni mara tatu, kwa mazoea tu. Alilimeza. Pembeni yake kulikuwa na beseni la viazi na kisu. Akavuta beseni, akaanza kumenya, vibaya, anakata na nyama ya kiazi. Cha kwanza. Cha pili. Mzee alisikiliza kile kisu muda mrefu.

"Ila," alisema mzee, akakohoa. "Ila yale maganda unayatoa manene. Mama yako angekufukuza."

"Najua."

Kiazi cha tatu. Cha nne.

"Ila macho yamekwisha, Ezekia."

"Ndiyo, tata."

"Nilikuandikia."

"Nimesoma jana," Ezekia alisema. "Jana ndiyo mara ya kwanza. Ile mashine ilikuwa inakataa wewe unaona, lakini inanitumia. Ilikuwa inanitumia kila siku. Mimi ndiye sikufungua."

Alitegemea mzee akasirike, na nadhani alikuwa anatamani akasirike. Mzee alirudisha chupa ndani ya bomba la bati kwa kupapasa, akafunika.

"Mimi nilidhani umechoka na habari zangu," alisema. "Nikasema basi, nimpe namba anazozitaka."

Hakulisema kwa ubaya. Walikula viazi jua likiwapo bado, na Ezekia alimwuliza habari za kalvati, na za yule mbwa, na alingoja baada ya kila nzuri. Ilichukua muda. Kumbe mzee alikuwa na maneno mengi.

Jumatatu walishuka mjini, hospitali, kwa daktari wa macho. Alikuwa mama wa makamo, Daktari Apolonia, mpole, mikono yake ina baridi na aliomba radhi kwa hilo. Alimwekea mzee kidevu kwenye mashine, akamtazama jicho moja muda mrefu, na lingine muda mrefu zaidi. Alipomaliza alivuta kiti karibu na mzee, si karibu na Ezekia, akamweleza yeye. Ni presha ya macho. La kushoto limekufa, hakuna dawa itakayolirudisha. La kulia limebakiza tundu dogo katikati, na hilo tundu linaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote, bila kuruka siku.

"Kutoruka siku siyo shida," mzee alisema. "Mimi napima mvua."

"Mvua ya Novemba utaisoma mwenyewe?" daktari aliuliza.

"Kwa tundu hilohilo."

Daktari alitabasamu. Ezekia alivuta pumzi yake ya kwanza tangu Ijumaa. Akauliza, kwa sababu alijua asipouliza atajiuliza mwenyewe kila siku, kama wangekuja mapema ingekuwaje.

"Ugonjwa huu haurudishi ulichokwisha kuchukua," alisema daktari. "Unasimamishwa pale ulipokutwa. Mngekuja siku za mwanzo, macho yote mawili yangekuwa yanaona. Lakini wengi hawajui umeanza lini, hauumi. Wanakuja wameshachelewa, na sisi hatuwalaumu." Akavuta karatasi, akachukua kalamu. "Nijazie hapa, mzee. Unakumbuka ulianza lini? Hata kwa kukisia tu. Masika? Baada ya masika?"

Mzee Aroni aligeuza uso kuelekea upande alikojua mwanawe amekaa. Hakukuwa na uchungu usoni mwake wala mzaha. Alikuwa mtu wa vipimo, ameulizwa tarehe, na anajua daftari lilipo.

"Mwulize huyu," alisema. "Anazo zote. Siku kwa siku."

Daktari akamgeukia Ezekia, kalamu tayari, akangoja. Ezekia akatoa simu mfukoni, akafungua lile faili, akalitafuta mahali penyewe. Akakohoa kama baba yake, akaanza kusoma kuanzia tarehe kumi na moja Machi.